Air Manager, Knobster na Arduino: geji zinazofunguka

Ukirusha Cessna 172 kwenye simyuleta ya ndege nyumbani kwa monita moja, kila unapotaka kusoma mwinuko inabidi ushushe kamera, na ukishaishusha njia ya kutua inapotea machoni. Ndipo watu huanza kutafuta skrini ya pili, kisha wanagundua kwamba simyuleta yenyewe haina namna nzuri ya kuijaza. Air Manager, programu ya kampuni ya Sim Innovations ya Uholanzi, imetengenezwa kwa kazi hiyo. Inachora geji kwenye skrini ya pili, inasoma takwimu kutoka X-Plane, FSX, Prepar3D au Microsoft Flight Simulator (MSFS), na inarudisha amri kwenye simyuleta ukizungusha nobu au ukibonyeza swichi. Tunaipima hapa kwa leseni ya nyumbani (ipo pia ya shule za urubani na biashara), pamoja na Knobster, nobu pacha ya USB ya kampuni hiyohiyo, na bodi za Arduino (bodi ndogo za umeme za kuunganishia swichi, taa na mota) zinazoungwa nayo.

Hukumu iwe mapema. Geji zilizo tayari ziko nyingi na zinapendeza, ila hizo peke yake si sababu ya kutoa pesa. Sababu ni kwamba karibu kila geji ya bure iliyomo inafunguka. Ukiona mstari mwekundu uko mahali pasipo pake, au dirisha la shinikizo linaonyesha kipimo usichokitumia, unaingia ndani na kubadilisha. Ugumu uko kwenye skrini, mbao na waya kuliko kwenye programu, na wengi wanaokwama hukwama huko.

Ndani ya geji

Kila geji ni folda. Mna faili ya logic.lua yenye maelekezo, info.xml yenye jina na ukubwa, preview.png ya kuonyesha sura, na folda ya resources yenye picha za uso, mishale na vivuli. Lugha inayotumika ni Lua, na amri za kuanzia hazizidi sita. img_add_fullsize inaweka uso, img_add inaweka mshale, rotate inauzungusha kwa digrii, txt_add inaandika namba, halafu xpl_dataref_subscribe na fsx_variable_subscribe zinasikiliza simyuleta, ya kwanza kwa X-Plane na ya pili kwa FSX na Prepar3D. Microsoft Flight Simulator ina amri yake inayofanana. Kwenye toleo la 4 jina lake linaanza na fs2020. Aliyezoea fomula za Excel atazielewa kwa jioni moja.

Kabla ya kugusa chochote, tengeneza nakala ya geji na uipe jina lingine. Ukihariri ile ya asili, sasisho likija linaifuta kazi yako bila kukuuliza. Jambo la pili la kujua kabla ya kununua geji za ziada: za kulipia nyingi zimefungwa, hivyo utaziona zikifanya kazi lakini hutaifungua logic.lua yake. Kwa mtu ambaye shabaha yake ni kurekebisha, geji ya bure yenye uso wa kawaida inafaa kuliko ya kulipia inayong'aa.

Altimita kwa hektopaskali

Hapa ndipo programu inapoonyesha thamani yake. Altimita, yaani geji ya mwinuko, ya 172 kwenye simyuleta nyingi ina dirisha la inchi za zebaki, kwa kuwa Wamarekani ndivyo wanavyotangaza shinikizo. Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe na sehemu kubwa ya dunia, mnara unatoa QNH (shinikizo la hewa la kuweka kwenye altimita) kwa hektopaskali. Ukiruka kwenye VATSIM, mtandao wa marubani na waongozaji wa simyuleta, ukielekea kiwanja cha Wilson cha Nairobi ukaambiwa 1022, huku dirisha likidai 30.18, unaanza hesabu za kichwani wakati mikono ina kazi. Kuongeza dirisha la pili ni mistari michache:

```
txt_mb = txt_add("1013", "font:inconsolata_bold.ttf; size:22; color:white; halign:center;", 96, 246, 80, 30)

function pokea(hg)
  txt_set(txt_mb, string.format("%.0f", hg * 33.8639))
end

xpl_dataref_subscribe("sim/cockpit2/gauges/actuators/barometer_setting_in_hg_pilot", "FLOAT", pokea)
fsx_variable_subscribe("KOHLSMAN SETTING HG", "inHg", pokea)
```

Namba 96 na 246 ni mahali pa dirisha kwenye uso wa pikseli 512 kwa 512. Picha yako ikiwa tofauti, zibadilishe. Kipimo cha kuzidishia, 33.8639, ni hektopaskali zilizomo katika inchi moja ya zebaki. Weka 29.92 na dirisha lazima lionyeshe 1013. Likionyesha kitu kingine, umesoma kigeu (thamani ya simyuleta) kisicho chenyewe.

Kuonyesha ni rahisi. Kuzungusha ndiko kunakowatoa watu jasho. Amri ya kawaida ya X-Plane, sim/instruments/barometer_up, inasogeza 0.01 ya inchi, yaani kama theluthi moja ya hektopaskali. Matokeo yake unazungusha hatua tatu dirisha libadilike namba moja, na mtu anadhani nobu ni mbovu. Dawa ni kuacha amri hiyo na kuandika thamani moja kwa moja: chukua hektopaskali za sasa, zifanye namba kamili, ongeza au punguza moja, gawanya kwa 33.8639, kisha irudishe kwenye datarefu (kigeu cha X-Plane) kwa xpl_dataref_write. Upande wa FSX na wenzake, tumia tukio la KOHLSMAN_SET, ambalo linataka hektopaskali zikizidishwa mara 16. Kwa 1013 unatuma 16208. Ukisahau hiyo 16, altimita inaruka hadi mahali pa ajabu, na kosa lenyewe halitoi ujumbe wowote.

Mishale ya altimita haina fumbo. Mrefu unazunguka mara moja kila futi 1,000, kwa hiyo mwinuko unazidishwa na 0.36 kupata digrii. Mfupi ni 0.036, ule wa elfu kumi ni 0.0036. Jipime ukiwa umesimama ardhini Wilson, ambako mwinuko ni kama futi 5,500. Kwa futi 5,500 kamili mshale mrefu uko nyuzi 180, yaani kwenye 5, na mfupi uko 198, kati ya 5 na 6. Kama mfupi umekaa juu ya 5 barabara, kuna mtu ameukata sehemu ya desimali kabla ya kuzidisha.

Kosa la wanaoanza ni la picha. rotate inazungusha picha kwa kuuzunguka mkato wa katikati ya picha yenyewe. Ukikata mshale ukabaki ukanda mwembamba wenye ekseli upande wa chini, utauona ukipaa hewani kama upepeo. Acha PNG iwe na ukubwa wa uso mzima, sehemu iliyobaki iwe haina rangi, na ekseli ya mshale iangukie katikati kabisa.

Rangi za geji ya mwendo

Geji ya mwendo ya bure mara nyingi ina alama za 172S: tao jeupe 40 hadi 85, kijani 48 hadi 129, njano 129 hadi 163, na mstari mwekundu 163, zote kwa noti (maili za baharini kwa saa). Ukihamia Piper Warrior II bila kubadilisha uso, unaruka na alama za ndege nyingine. Ya Warrior ni jeupe 44 hadi 103, kijani 50 hadi 126, njano 126 hadi 160, mwekundu 160. Tofauti ya tao jeupe, yaani mwendo unaoruhusu flapu (vibao vya nyuma ya bawa), ndiyo yenye madhara: kwenye Warrior flapu zinaruhusiwa mapema zaidi, na anayefuata alama za Cessna anabeba mwendo mkubwa hadi karibu na kizingiti cha njia ya kutua bila sababu.

Uso wa geji ya mwendo haugawanyiki sawasawa, kwa hiyo kuzidisha hakutoshi. Jenga jedwali la jozi za noti na digrii, kisha lipitishe kwenye interpolate_linear, na kabla ya hapo ubane thamani kwa var_cap ili mshale usitoke nje ya uso. Jozi nane hadi kumi zinatosha. Digrii unazipata kwa kuufungua uso kwenye GIMP na kupima kwa zana ya pembe kila alama yenye namba. Usizikadirie kwa macho; hitilafu ya nyuzi chache karibu na noti 60 inapotosha usomaji, na hapo ndipo unapokaribia kutua.

Mtego mwingine uko kwenye jina la kigeu. AIRSPEED INDICATED na AIRSPEED TRUE zinafanana kwa sura, na ukikosea ukijaribu geji Dar es Salaam huoni kitu, maana usawa wa bahari tofauti ni ndogo. Nenda Wilson siku ya joto. Mwendo wa kweli unazidi ule wa geji kwa takriban asilimia 13, noti 65 za kukaribia zinasomeka kama 73, nawe unapunguza mwendo kupita inavyofaa. Jaribu kila geji ya mwendo kwenye kiwanja cha juu kabla ya kuiamini.

Geji ya upeo wa macho nayo ina fumbo lake kwa anayenakili kutoka simyuleta moja kwenda nyingine. Kwenye X-Plane, kulalia kulia ni chanya. Kwenye FSX na MSFS, kulalia kushoto ndiko chanya, na pua kwenda chini nayo ni chanya. Geji iliyoandikwa kwa moja ikipelekwa nyingine bila kugeuza alama, upeo unalala kinyume. Weka alama ya kutoa mbele ya thamani zote mbili, basi. Dira ya jairo ina tatizo la aina nyingine: watu hupenda kulainisha mwendo wake kwa kuchukua wastani, halafu ikivuka kutoka 359 kwenda 1 kadi inazunguka duara zima. Ukilainisha, lainisha tofauti ya nyuzi, si nyuzi zenyewe.

Milimita, si pikseli

Watu wengi huburuta geji kwenye skrini mpaka zionekane vizuri. Matokeo ni paneli yenye geji ndogo kama vifungo vya shati au kubwa kama sahani. Tundu la kawaida la geji kwenye dashibodi ya ndege ndogo ni inchi 3 na 1/8, yaani milimita 79.4. Anza na hiyo.

Chukua upana wa skrini wa pikseli, uugawanye kwa upana wake wa milimita. Monita ya inchi 21.5 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina upana wa milimita 476, kwa hiyo ni pikseli 4.03 kwa milimita, na geji moja inataka pikseli 320. Ya inchi 23.8 inataka 289. Ile ndogo ya kubebeka ya inchi 15.6, ambayo watu huipenda kwa bei yake, inataka 442.

Sasa hesabu nafasi. Geji sita kwa safu mbili, zikiachana milimita 12, zinachukua milimita 262 kwa 171. Zinaingia vizuri kwenye inchi 15.6, lakini safu wima ya nne kwa ajili ya VOR (geji ya kufuata vituo vya redio) haiingii, imebaki milimita 83 tu na inahitaji 91. Kwenye inchi 21.5 zinaingia safu wima tano, na mlalo wa tatu wa chini unaingia kwa kubana, milimita 262 ndani ya 268. Ndiyo sababu inchi 21.5 ndiyo chaguo letu kwa 172 nzima yenye VOR mbili na geji ya mizunguko ya injini. Angalia pia kwamba ni paneli ya IPS, aina ambayo rangi hazibadiliki ukiitazama kwa pembe. Monita ya TN ikiwekwa chini ya macho, kama dashibodi inavyokaa, rangi zake zinageuka na tao la njano linafanana na jeupe.

Ukiweka ubao juu ya skrini, MDF ya milimita 3 inatosha. Toboa kwa msumeno wa kutobolea matundu ya duara, paka rangi isiyong'aa, na geji uichore kubwa kidogo kuliko tundu, pikseli 328 badala ya 320 kwenye inchi 21.5, ili ukingo wake ujifiche chini ya mbao hata ukikosea milimita moja. Toa fremu ya plastiki ya monita ikiwezekana. Fremu ikibaki, ubao unakaa mbali na kioo, na ukitazama kutoka kiti cha kushoto geji za kulia zinaonekana zimemezwa nusu.

Kugusa, na kwa nini Knobster ipo

Skrini ya kugusa inavutia mpaka siku ya kwanza ya kuitumia. Kioo hakina mshiko; kuzungusha nobu ya picha kwa kidole huku ndege ikitikisika ni adha. Knobster inalitatua hilo kwa akili. Unagusa nobu yoyote kwenye picha, au unaibofya kwa kipanya, na kuanzia hapo nobu ya mkononi ndiyo inayoizungusha. Ina mizunguko miwili, ya ndani na ya nje, na inabonyezeka, kwa hiyo kwenye redio mzunguko mmoja unabadilisha megahezi na mwingine kilohezi kama ilivyo kwenye ndege. Inapata umeme kwa USB na haihitaji kulehemu waya wowote. Kwa uzito na mlio wake wa hatua inatosha kabisa. Tatizo lake ni la kimaumbile: ni moja. Kila unapotoka kwenye redio kwenda kwenye dira lazima uguse tena, na mkono hauwezi kujifunza mahali pa kitu kisicho na mahali.

Kwenye skrini ya kugusa kuna mambo matatu ya kuangalia. Fremu za kugusa zinazotumia miale ya infraredi hazifai chini ya ubao wenye matundu, kwa kuwa ubao wenyewe unaikata miale na skrini inadhani umeigusa muda wote. Chukua ya kapasitivu, kama ya simu. La pili, Windows ikiwa na skrini mbili mara nyingi inapeleka mguso kwenye skrini isiyohusika: unagusa altimita, kinachobofywa kiko kwenye monita kuu. Fungua mipangilio ya Tablet PC kwenye paneli ya udhibiti, bonyeza Setup, kisha ufuate maelekezo ya kugusa kila skrini kwa zamu yake. Ukibadilisha tundu la USB, huenda ukalazimika kurudia. La tatu ndilo sugu: mguso unakivuta kishale cha kipanya na kuinyang'anya simyuleta umakini wa kibodi. Njia safi ya kulikwepa ni kuendesha paneli kwenye kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao mmoja wa nyumbani; hata kompyuta ya zamani au Raspberry Pi inafaa kwa geji za mishale. Unapata na faida ya pili, kwamba kadi ya picha ya simyuleta haibebi mzigo wa kuchora geji. Zikikataa kuonana, anza na firewall ya Windows kabla ya kulaumu programu.

Skrini za aina ya G1000, dashibodi ya kidijitali ya Garmin, zina habari yao. Air Manager mara nyingi inakupa fremu na vitufe tu. Ramani na upeo vinatoka kwenye simyuleta yenyewe. Kwenye MSFS unashikilia Alt ya kulia na kubofya skrini ili itoke kama dirisha la peke yake, kisha unalipeleka nyuma ya fremu. Kila dirisha linalotolewa linapunguza idadi ya picha ambazo simyuleta inachora kwa sekunde, na mawili kwa pamoja yanasikika kwenye kompyuta ya wastani. Kwa geji za mishale Air Manager inachora kila kitu yenyewe, na gharama hiyo haipo. Ukiwa na kompyuta isiyo na nguvu, hapo pana sababu ya kubaki na 172 ya mishale.

Arduino

Air Manager inaweka programu yake kwenye Arduino Uno, Nano, Mega 2560 na nyingine bila wewe kufungua programu ya Arduino, na kila bodi inapewa herufi ya chaneli. Ndani ya Lua unaandika hw_button_add au hw_dial_add na kuipa jina, kisha pini unaichagua kwenye kidirisha. Ni upande uliopangwa vizuri kuliko tulivyotarajia.

Chukua paneli ya swichi ya 172S. Ina ALT na BAT za masta, mbili za avioniki (redio na vifaa vya uongozaji), pampu ya mafuta, BCN, LAND, TAXI, NAV, STROBE na PITOT HEAT: swichi 11. Ongeza ufunguo wa magneto (wa kuwashia injini) wenye nafasi tano, unapata pini 16. Nano ina pini 18 za kawaida, D2 hadi D13 na A0 hadi A5. Usiitumie D13 kwa swichi. Taa iliyo kwenye bodi inaivuta chini na swichi inasomeka vibaya. A6 na A7 ni za analogia tu. Zinabaki 17, kwa hiyo Nano moja inatosha kwa kubana. Ukiona utaongeza enkoda (nobu inayozunguka bila kikomo na kuhesabu hatua), nunua Mega moja kwa moja. Nano za bei nafuu zina chipu ya CH340 badala ya ile ya asili, na kwenye baadhi ya kompyuta hazionekani mpaka uweke draiva yake.

Swichi inaungwa pini moja na ardhi (GND), bila rezista, kwa kuwa bodi ina ya ndani. Taa ya LED inataka rezista ya ohmu 220 hadi 330. Enkoda ya EC11: mguu wa katikati ardhini, wa pembeni kwenye pini mbili. Ukizungusha hatua moja na namba ikaruka mbili, au ukahitaji hatua mbili kupata namba moja, enkoda ni nzima. Umechagua aina isiyoendana nayo. Badilisha TYPE_1_DETENT_PER_PULSE iwe TYPE_2 au TYPE_4 mpaka iendane. Ikizunguka kinyume, badilishana waya mbili za pembeni.

Kero kubwa ya swichi za kweli ni kupishana na simyuleta. Unapakia safari mpya, taa ya bikoni kwenye simyuleta imewaka, swichi yako iko chini, na kila ukiipandisha taa inazimika. Chanzo ni matukio ya kugeuza kama TOGGLE_BEACON_LIGHTS, ambayo hayajui swichi iko wapi. Kwenye X-Plane tumia jozi kama sim/lights/landing_lights_on na landing_lights_off. Kwenye FSX, sikiliza LIGHT BEACON kwanza na utume tukio pale tu hali inapotofautiana na swichi.

Anayetaka mishale ya kweli badala ya skrini atakutana na mota mbili. X27.168 ni ndogo, inaendeshwa moja kwa moja na pini za Arduino, ina hatua ya theluthi ya digrii, lakini inazunguka nyuzi 315 tu na kugota. Inafaa kwa mafuta, joto na mwendo. Kwa altimita haifai. 28BYJ-48 inazunguka bila kikomo ila ni ya taratibu, ina mchezo kidogo kwenye gia, na haijui sifuri yake iko wapi. Umeme ukikatika katikati ya safari, mshale unabaki ulipokuwa na programu inaamini uko kwingine. X27 unaisukuma mpaka igote, basi umepata sifuri. 28BYJ-48 inahitaji kihisio cha sumaku au cha mwanga. 28BYJ-48 ilishwe na umeme wake wa volti 5, ardhi ziunganishwe pamoja, wala usiichukue kwenye pini ya 5V ya Arduino.

Air Manager au MobiFlight

MobiFlight ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Kwa swichi, enkoda, taa na vioo vya namba vya sehemu saba, inafanya kazi yote iliyoelezwa kwenye sehemu ya Arduino bila Lua hata mstari mmoja, na ina hazina ya HubHop yenye amri zilizokwisha kutafutwa na watumiaji wengine kwa ndege nyingi. Kama huna mpango wa skrini ya pili, usinunue Air Manager. Utakuwa umelipia kitu unachoweza kukipata bure. Ila bodi moja haiwezi kutumikia zote mbili, maana kila programu inaweka firmware yake (programu ya ndani ya bodi).

Kwa geji za skrini, hali inageuka. Jambo la kuangalia ni ndege unayoipenda. Ndege za wajenzi wa nje hutumia vigeu vyao wenyewe, na geji ya kawaida inaweza kukaa kimya kabisa. Boeing 737 ya Zibo kwenye X-Plane, kwa mfano, ina datarefu nyingi zinazoanza na laminar/B738. Pakua plagini ya DataRefTool, geuza swichi ndani ya ndege, na utazame ni jina gani linabadilika. Ukishalipata, unalibandika kwenye logic.lua mahali pa lile la zamani. Kwa 737 nzima hiyo ni kazi ya wiki. Kwa 172 au Warrior, ni kazi ya siku moja.

Knobster moja inatosha kuanzia. Ya pili usiinunue: EC11 mbili na Nano zinafanya kazi ya nobu ya dira na ya altimita, kila moja ikiwa imefungwa chini ya geji yake, na Knobster ibaki kwa redio.